Nambari Zisizo na Majina

Msomaji wangu, nataka kukusimulia habari ya nambari mbili, 30 na 70, ambazo zilibadilishana mahali pao katika faili fupi la mipangilio, na kwa kubadilishana huko zikakaribia kumtoa mtoto wa watu shuleni. Aliyezipa nafasi ya kufanya hivyo ni mimi. Jambo hili nimelieleza kwa mdomo mbele ya madarasa mengi, na kila mara nimejiona nikilipunguza kidogo, kama mtu apunguzavyo deni lake kila alitajapo. Sasa nitaliandika.

Lakini huwezi kulijua kosa kabla hujaijua kazi yenyewe. Basi tuanze na kazi.

Kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni ya kazi: humo ndimo programu inamoweka nambari na maneno wakati inapotenda. Kumbukumbu hii ni ya haraka sana, lakini uhai wake ni umeme. Umeme ukikatika yote hufutika, isibaki hata herufi moja. Ya pili ni ya diski, ambayo hutunza kilichotiwa ndani yake hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Mwanafunzi anayeanza kuandika programu aghalabu hutumia ile ya kwanza tu, bila ya kujua kwamba anaitumia. Huiambia programu jina la shule, muhula na alama ya kufaulu. Programu hufanya kazi vizuri. Mwanafunzi hufurahi na kuizima mashine. Kesho yake akiiwasha, huulizwa upya mambo yale yale kana kwamba yeye na programu yake hawajapata kuonana.

Mambo hayo ndiyo tunayoyaita mipangilio. Mipangilio si kazi yenyewe, bali ni masharti ya kazi. Alama za mwanafunzi ni kazi; kiasi gani cha alama hizo kihesabiwe ni mpangilio. Fundi cherehani hushona nguo mbalimbali kutwa kucha, lakini vipimo vya mteja wake wa siku zote huviandika katika daftari ili asimzungushie utepe kila ajapo. Faili la mipangilio ni daftari hilo.

Lugha niliyoitumia mimi ni BASIC. Ilizaliwa katika Chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire huko Marekani, na programu yake ya kwanza ilifanya kazi tarehe 1 Mei 1964. Waasisi wake walikuwa walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, nao hawakuiunda kwa ajili ya mabingwa. Walitaka mwanafunzi wa historia au wa fasihi naye aweze kuketi mbele ya mashine na kuiamuru. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, naipenda nasaba hiyo. Katika BASIC yao ya mwanzo nambari ziliandikwa ndani ya programu yenyewe kwa amri iitwayo DATA, zikachukuliwa kwa amri iitwayo READ, moja baada ya moja, kwa zamu. Liweke neno hilo zamu akilini mwako, msomaji, maana ndilo lililonitia aibu miaka 52 baadaye.

BASIC niliyofundishwa katika chuo cha ualimu ilikuwa QBasic, ambayo kampuni ya Microsoft iliitoa pamoja na MS-DOS 5.0 mwaka 1991. Nilipokutana nayo ilikuwa imekwisha kuzeeka, lakini kompyuta tulizokuwa nazo zilikuwa wazee wenzake, na wazee wale walisikilizana.

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya kutwa katika milima ya Taita. Kila mwisho wa muhula walimu wa madarasa walikesha na kalamu wakijumlisha alama na kuandika ripoti. Nikaona kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya kuonyesha kuwa karo ya chuo haikutupwa. Nikaandika programu, nikaiita ALAMA. Kanuni ya shule ilikuwa moja, nayo ilisomwa mbele ya wanafunzi wote mwanzoni mwa kila muhula: jaribio la katikati ya muhula lina uzito wa 30 katika 100, mtihani wa mwisho wa muhula una uzito wa 70, na alama ya kufaulu ni 40.

Mwanzoni programu iliuliza mambo haya kila ilipoanza. Usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika mara tatu, nami nikayajibu maswali yale yale mara nne. Nikachoka, nikaziandika nambari ndani ya programu yenyewe. Taabu ikaondoka kwangu ikahamia kwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye muhula uliofuata alifungua programu ili abadilishe nambari ya muhula, akafuta mabano mahali fulani bila kujua, na programu nzima ikagoma. Alinijia na uso wa mtu aliyevunja chombo cha jirani. Mkosaji hakuwa yeye. Saa ikikosa majira, mwenye saa huzungusha kifundo kilicho ubavuni. Hapaswi kulifungua tumbo la saa na kugusa magurudumu. Nami nilikuwa nimeuza saa isiyo na kifundo.

Ndipo nikaamua kuiwekea programu faili lake la mipangilio. Kuhifadhi kulikuwa hivi:

OPEN "MIPANGO.TXT" FOR OUTPUT AS #1
PRINT #1, SHULE$
PRINT #1, MUHULA
PRINT #1, KUFAULU
PRINT #1, JARIBIO
PRINT #1, MTIHANI
CLOSE #1

Amri ya kwanza hufungua faili kwenye diski na kulipa nambari ya kuitiwa, yaani 1. Amri za PRINT huandika thamani moja katika kila mstari. Amri ya mwisho hulifunga faili, na usiidharau: maandishi huweza kungoja ndani ya kumbukumbu ya kazi hadi faili lifungwe, hivyo asiyefunga huenda akakuta diski haikupata kitu. SHULE$ ina alama ya dola kwa sababu thamani yake ni maneno. Majina mengine yaliyosalia hushika nambari. Programu ikianza tena, hufungua faili lile lile FOR INPUT, na kwa amri ya INPUT #1 huzirudisha thamani zile kwenye majina yake.

Tazama sasa kilichomo ndani ya faili. Mna jina la shule. Chini yake mna 2, kisha 40, kisha 30, kisha 70. Hapana zaidi. Majina yaliyomo katika programu, KUFAULU na JARIBIO na MTIHANI, hayakuingia katika faili. Zimeingia thamani peke yake. Ni nani basi anayejua kwamba 30 ni ya jaribio? Faili halijui. Anayejua ni programu, tena inajua kwa zamu tu: iliyoandikwa ya nne husomwa ya nne. Mwandishi na msomaji wamepatana kimoyomoyo, na mapatano yao hayakuandikwa popote.

Mapatano haya yalidumu vizuri muhula mzima. Kisha mwalimu mkuu akataka anwani ya shule iandikwe baada ya jina, na kati ya jina na anwani akataka pawe na mkato. Ombi dogo, lenye haki kabisa. Lakini amri ya INPUT huuhesabu mkato kuwa ni ukuta baina ya kitu na kitu. Ikasoma jina la shule hadi kwenye mkato ikaona limekwisha. Anwani ikaitia mahali pa muhula. Na vyote vilivyofuata vikasukumana nje ya nafasi zao. Ripoti ya majaribio niliyoichapa ilikuwa kichekesho. Hapana mtoto hata mmoja aliyekuwa na alama ya kuaminika, na mimi mwenyewe nilicheka.

Nakuomba ukumbuke kwamba nilicheka. Kosa lile lilikuwa na huruma: lilijitangaza, nikalishika kabla halijatoka chumbani.

Dawa yake ilikuwa rahisi. QBasic ina amri nyingine, WRITE, ambayo huandika kama PRINT, lakini maneno huyafunga ndani ya alama za kunukuu na kuweka mkato baina ya thamani na thamani. Maneno yaliyofungwa hivyo huweza kuwa na mikato mingapi itakavyo, na INPUT huyasoma salama. Nikaifuta sehemu ya kuhifadhi nikaiandika upya kwa mstari mmoja:

WRITE #1, SHULE$, MUHULA, KUFAULU, MTIHANI, JARIBIO

Sehemu ya kusoma sikuigusa. Yenyewe ilikuwa hivi:

INPUT #1, SHULE$, MUHULA, KUFAULU, JARIBIO, MTIHANI

Linganisha mistari hiyo miwili. Mimi sikuilinganisha. Nadhani katika mawazo yangu mtihani ulikuwa mkubwa kuliko jaribio, ukatangulia kama mkubwa atanguliavyo mlangoni. Nikaiwasha programu, nikatazama jina la shule, nikaliona kamili pamoja na anwani na mkato wake, nikaridhika. Nilitazama pale palipokuwa pameniuma, nikaacha kutazama kwingine.

Muhula wa pili ukafika mwisho wake. Ripoti zikachapwa kwa siku kadhaa, darasa hili leo na lile kesho, zikatiwa saini, zikagawiwa, shule ikafungwa.

Katika wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti nilikuwa shuleni peke yangu nikipanga vitabu, nikabishiwa mlango. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, amekuja kwa miguu, ana daftari la hisabati kwapani na ripoti yake ndani ya daftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani kwema?"

"Si kwema sana. Nimekuja na hesabu."

Jaribio la katikati ya muhula lilimkuta mgonjwa wa malaria. Karatasi nyingi hakuzifanya, na wastani wake ukawa 24. Alipopona alisoma kwa bidii ambayo sisi walimu tuliiona na kuisema, na katika mtihani wa mwisho wastani wake ukawa 68. Nambari hizi mbili zilikuwamo katika ripoti, nazo zilikuwa sahihi. Chini yake programu yangu ilikuwa imeandika jumla: 37, na mbele yake neno HAKUFAULU.

Katika daftari lake alikuwa ameandika hivi, kwa mwandiko wa mtu asiyetaka kubishwa: 24 mara 30 gawa kwa 100 ni 7.2. 68 mara 70 gawa kwa 100 ni 47.6. Jumla 54.8.

Msomaji, ningependa kukuambia kwamba nilikubali mara moja. La. Nilimwambia kwamba mashine haikosei kuzidisha, jambo ambalo ni kweli, na ambalo halikuhusika hata kidogo. Kisha nikaiwasha kompyuta ili nimwonyeshe. Nikafungua ALAMA, nikaingiza 24 na 68, na skrini ikatoa 55.

"Unaona?" nikasema, kwa ushindi, kabla sijafahamu kwamba aliyeshinda ni yeye.

Nikanyamaza. Nikaifunga programu, nikaifungua tena ili nichape ripoti mpya. Ikatoa 37. Mashine ile ile, mtoto yule yule, alama zile zile. Nikaifunga nikaifungua mara ya tatu: 55. Mara ya nne: 37. Nilihisi jasho shingoni, na Taita mwezi wa Agosti si mahali pa jasho.

"Mwalimu," akasema yule msichana, "inapokezana."

Naam, ilikuwa inapokezana, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Programu yangu ilisoma mipangilio kila ilipoanza na kuihifadhi kila ilipofungwa. Faili likiwa na 30 kisha 70, jaribio lilipata 30 na mtihani 70, na hesabu ikawa sawa. Lakini wakati wa kufunga, WRITE ilitanguliza mtihani, na faili likabaki na 70 kisha 30. Mara ya pili jaribio lilipewa 70 na mtihani 30. Hesabu ikaharibika, na wakati wa kufunga nambari zikageuzwa tena zikarudi mahali pake. Programu ilikuwa ya kweli siku moja na ya uongo siku ya pili. Kidato cha kwanza walichapiwa siku ya kweli. Kidato cha pili walichapiwa siku ya uongo.

Wala hapakuwa na dalili yoyote. Thelathini na sabini ni mia. Sabini na thelathini ni mia vilevile. Kila nambari ilikuwa ya kuaminika. Kama lingekuwa kosa la mkato tungelicheka sote. Hili lilivaa nguo safi likapita mbele ya mwalimu wa darasa, mbele ya mwalimu mkuu na mbele yangu, likatiwa mhuri.

Nikamwuliza kwa nini hakungoja shule ifunguliwe. Akasema kwamba baba yake alikwisha kuamua: karo ya mtu wa 37 ni afadhali inunue mbolea. Mwisho wa mwezi alitakiwa ateremke Voi kwa shangazi yake, akamsaidie kuuza mboga sokoni.

Tulikwenda pamoja alasiri ile. Baba yake alinikaribisha chini ya mparachichi, akanipa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Mwalimu, ni mashine iliyokosa au ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Mashine ilitenda nilivyoiandikia."

"Basi wewe nikuamini vipi leo?"

Sikuwa na jibu. Akamwagiza binti yake alete kalamu, akaniambia nizifanye hesabu zile kwa mkono mbele yake, polepole. Nikazifanya, mimi mwenye programu, juu ya kifuniko cha daftari, na mzee akifuata kila tarakimu kwa kidole. Tulipofika 54.8 alitwaa karatasi akaitia mfukoni, akasema kwamba habari ya Voi imekwisha.

Ripoti nyingine za kidato cha pili zilikuwa 42. Nilizihesabu zote kwa mkono kwanza, kisha kwa mashine. Kazi ngumu haikuwa kuwapandisha walioshushwa. Kulikuwa na kijana aliyepata 66 katika jaribio, akalewa sifa, akapata 31 katika mtihani. Haki yake ilikuwa 41.5, lakini ripoti ilimpa 55.5, ikapandishwa ikawa 56, na baba yake alikuwa amekwisha kumnunulia viatu vipya. Viatu havikurudishwa dukani. Lakini kijana yule hakunisalimu muhula mzima, na sikumlaumu.

Sasa nikueleze nilivyotengeneza, maana yawezekana nawe siku moja utaandika programu itakayogusa maisha ya mtu.

Ningeweza kubadilisha maneno mawili katika mstari wa WRITE na kumaliza. Hilo lingeondoa kosa, lakini lingeacha chanzo chake: nambari zisizo na majina, zinazotambuliwa kwa zamu. Siku ambayo mtu angeongeza mpangilio mmoja katikati, zamu ingevunjika tena. Basi niliandika kila thamani pamoja na jina lake katika mstari wake:

SHULE=(hapa jina na anwani)
MUHULA=3
KUFAULU=40
JARIBIO=30
MTIHANI=70

Na kusoma kukawa hivi:

DO WHILE NOT EOF(1)
LINE INPUT #1, M$
P = INSTR(M$, "=")
IF P > 0 THEN
J$ = LEFT$(M$, P - 1)
T$ = MID$(M$, P + 1)
IF J$ = "SHULE" THEN SHULE$ = T$
IF J$ = "MUHULA" THEN MUHULA = VAL(T$)
IF J$ = "KUFAULU" THEN KUFAULU = VAL(T$)
IF J$ = "JARIBIO" THEN JARIBIO = VAL(T$)
IF J$ = "MTIHANI" THEN MTIHANI = VAL(T$)
END IF
LOOP

EOF huiambia programu kwamba faili limefika mwisho. LINE INPUT huchukua mstari mzima bila kujali mikato, hivyo hata dawa ya WRITE haikuhitajika tena. INSTR hutafuta alama ya sawa iko nafasi ya ngapi. Kilicho kushotoni mwake ni jina, kilicho kuliani ni thamani. Sasa ipange mistari upendavyo: uanze na mtihani, umalizie na shule, hapana litakaloharibika. Mstari ambao programu haiutambui hurukwa tu. Na mstari uliokosekana? Kabla ya kufungua faili, programu huzipa thamani zote viwango vya kawaida, 30 na 70 na 40, ili pasiwe na pengo.

Yapo mambo mengine madogo, nami nitayapita upesi. Ukitumia FOR INPUT kufungua faili ambalo halipo, QBasic husimama na kulalamika. Mimi hulifungua kwanza FOR APPEND na kulifunga, kwa kuwa APPEND huliunda faili kama halipo, wala haifuti lililopo. VAL nayo husoma tarakimu mpaka ikutane na kisicho tarakimu: mtu akiandika 4 na herufi O badala ya 4 na sufuri, VAL hutoa 4 bila neno, na shule nzima ikafaulu. Kwa hiyo pima kila thamani kabla ya kuitumia. Ijapokuwa, kama ulivyoona, kipimo cha jumla kuwa 100 kisingenisaidia siku ile.

La umeme linataka maneno zaidi. FOR OUTPUT hulifuta faili la zamani palepale linapofunguliwa, kabla hujaandika herufi moja. Umeme ukikatika wakati huo, ya kale yamekwenda na mapya hayajafika. Kwa hiyo huandika mipangilio mipya katika faili jingine, MIPANGO.NEW, likishafungwa salama, huifuta MIPANGO.TXT kwa amri ya KILL na kulipa lile jipya jina lake kwa amri ya NAME. Giza liingie wakati wowote litakao, nakala moja nzima itakuwapo kwenye diski. Katika milima ile nilihitaji hivyo.

Usidhani kwamba huu ni ufundi wa programu ndogo za walimu tu. Windows 3.1 ya mwaka 1992 iliweka mipangilio yake katika mafaili ya maandishi kama WIN.INI na SYSTEM.INI, jina kushotoni, alama ya sawa katikati, thamani kuliani. QBasic imekwisha kustaafu, lakini mwenye kutaka kujaribu amri nilizozitaja ataziona zikifanya kazi katika QB64 kwenye kompyuta za leo.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilimwita yule msichana katika chumba cha kompyuta. Sikumwonyesha programu, nilimfungulia MIPANGO.TXT. Hakuwa amefundishwa BASIC hata siku moja. Akasoma kwa sauti: jaribio ni 30, mtihani ni 70, kufaulu ni 40. Akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akafikiri kidogo.

"Na mtu akilifungua hili faili," akauliza, "akaandika 70 mahali pa 30, mwalimu, itakuwaje?"

Nikamwambia kwamba programu itamwamini. Ndiyo sababu, tangu muhula ule, chini ya kila ripoti ALAMA huchapisha uzito iliotumia, wa jaribio na wa mtihani, kwa tarakimu kubwa, mahali ambapo mzazi mwenye kalamu anaweza kujihesabia.